Harufu Isiyo na Ukoo

Kwenye ukumbi wa kusubiria dripu, kila mwanamke ana kitu mkononi cha kunusa. Utaona ndimu iliyokatwa nusu, kipande cha tangawizi kilichofungwa kwenye leso, ganda la chungwa lililokauka hadi likafanana na sikio. Mwingine hunusa kiganja chake tu. Hakuna aliyewafundisha. Mwili ukianza kuikataa dunia, pua ndiyo hutangulia kusema, na mwenye mwili hutafuta cha kuinyamazisha.

Mimi nilikuwa na kichupa. Habari za kichupa hicho ndizo ninazokuandikia wewe uliyeambiwa majuzi kwamba utaanza dripu, na ambaye tayari umesoma mtandaoni mambo mengi kuliko yanayokufaa. Sitakueleza saratani ni nini. Wapo waliosomea, na hata wao wakianza kueleza huangalia dirishani. Nitakueleza kosa tulilofanya nyumbani kwetu Itetemia, Tabora, kosa la watu wanaopenda kunukia, ili wewe usilirudie.

Uvimbe niliugundua kiangazi, wakati vumbi letu linaingia hadi kwenye kopo la sukari. Titi la kushoto likaondolewa Mwanza kabla ya mvua. Hilo nililipokea kwa ushujaa mkubwa, ushujaa wa mtu ambaye dawa ya ganzi haijamtoka. Kisha daktari akapanga dripu, moja kila baada ya wiki tatu, na mume wangu Salehe akaapa kunisindikiza kila safari. Salehe ni mstaafu wa reli. Mpaka leo haamini kwamba basi linaweza kufika mahali kwa nia njema, kwa hiyo kutoka Tabora hadi Nzega, na kutoka Nzega hadi Mwanza, alikuwa akikaa wima kama anayeliendesha yeye.

Dripu ya kwanza haikuniuma. Iliingia baridi mkononi, ikapanda begani, nikasema moyoni kumbe ndiyo hii. Siku ya pili nyumbani, jirani akakaanga kitunguu na mimi nikatambaa hadi chooni. Baada ya hapo ikawa kila kitu: sabuni, maji ya bomba, karatasi za wanafunzi wangu wa chuo, hata sufuria tupu. Mimi ni mtu niliyewahi kuandika kurasa nzima gazetini kusifu harufu ya udongo wa Unyamwezi unapoguswa na mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza ikaja. Nikatapika.

Nywele zikatoka, kisha nyusi, na kwenye kioo nikamkuta marehemu baba yangu ananitazama. Kucha zikawa nyeusi kama za fundi baiskeli. Chakula kikawa na ladha ya msumari. Nilipokwenda kwa dripu ya pili, vipimo vikaonyesha damu imeshuka, nikarudishwa bila kuchomwa sindano. Daktari wangu alikuwa binti mdogo mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Mama, hii ni dozi kama dozi nyingine," alisema. "Tukiisogeza mara moja si neno. Tukiisogeza kila mara, haitafanya kazi yake. Nenda ukale."

Nenda ukale. Ni maneno mepesi kwa mwenye njaa. Niliyabeba njia nzima ya kurudi, nikijua kwamba uhai wangu sasa ulikuwa umewekwa ndani ya bakuli la uji, na kwamba bakuli lenyewe sikuweza kulisogelea.

Ndipo wifi yangu Mwanaidi, dada yake Salehe, alipokuja na kikapu chake kutoka Kwihara. Anakaa karibu na lile tembe, nyumba ya kale ya udongo, ambalo wageni huja kulipiga picha kwa sababu zamani za misafara msafiri mmoja mgonjwa alikaa humo akisubiri mahitaji yake yafike kutoka pwani. Mwanaidi husema kijiji chake hakihitaji tangazo jingine: ni mahali pa kusubiri dawa. Yeye mwenyewe huchanganya mafuta ya kunukia. Nusu ya maharusi wa Tabora wameingia chumbani wakinukia mikono yake.

"Pole, wifi," alisema akiketi. "Umekonda mpaka umeanza kufanana na picha yako ya chuo."

"Ile nilikuwa na nywele."

"Zitarudi. Za kaka yangu ndizo hazirudi."

Nilimwonyesha kwenye simu mchanganyiko nilioupata mtandaoni, wa lavenda na mnanaa, mafuta ambayo mwandishi wake aliyaita mafuta muhimu.

"Muhimu kwa nani?" aliuliza Mwanaidi. "Na hii lavenda, inakujua wewe? Mmewahi kukutana wapi?"

"Kwenye sabuni."

"Sabuni haimshiki mtu mkono."

Akapanga vichupa vyake mkekani. Mwanaidi ana namna yake ya kuhesabu harufu. Ipo harufu ya mlangoni, inayokupokea na kuondoka upesi, kama ndimu au mchaichai. Ipo ya sebuleni, inayokaa na wewe mchana kutwa, kama waridi. Na ipo ya chumbani, ambayo utaikuta kwenye shuka kesho yake, kama udi. Zote hulala ndani ya mafuta ya ufuta, kwa sababu, asemavyo, ufuta hausemi sana. Karafuu huwa tone moja, tena kwa woga, maana karafuu kali ikikutana na ngozi huiunguza. Kisha kichupa hukaa gizani siku kadhaa, harufu zizoeane.

Aliyonichanganyia mimi haikuwa ngeni. Ilikuwa harufu ya nyumba, ile aliyoiacha mama yao. Nilipoletwa bibi harusi kutoka Nzega, binti wa mfugaji, ndiyo iliyonipokea mlangoni. Binti yetu Nuru alizaliwa ndani yake. Kila Ijumaa Salehe hutandaza kanzu juu ya tenga, chetezo chini yake, na Mwanaidi humletea vipande vya udi vilivyolowekwa mafuta hayohayo. Tulikuwa hatuisikii tena, kama mtu asivyoisikia sauti yake.

"Utakwenda na nyumba yako," alisema akinifungia kichupa. "Ukiwa kule, nusa. Utakuwa umekaa hapa."

Nikaona ni maneno mazuri sana. Hiyo ndiyo hatari ya kuwa mwandishi: ukisikia sentensi nzuri, unaacha kufikiri.

Lakini dripu ya pili ilikwenda vizuri, siwezi kukudanganya. Dawa ilipopanda baridi mkononi nilifungua kichupa, nikafumba macho, na kweli nikawa sebuleni kwangu, pazia linacheza, Salehe anabishana na redio. Nilirudi nikala ndizi. Nikala uji. Salehe akaniangalia ninavyolamba kijiko kama anayeangalia treni inaingia kwa wakati. Dripu ya tatu nilinusa tangu basini hadi sindano ilipotolewa. Mvua zilikuwa zimekolea, uyoga umejaa sokoni, na nilianza kuamini kwamba nitafika mwisho.

Ijumaa iliyofuata Salehe aliingia chumbani kuniaga, amevaa kanzu nyeupe iliyotoka kufukizwa.

"Mama Nuru, natoka."

Sikuwa na sindano yoyote, lakini ile baridi ilinipanda mkononi, ikafika begani, na kabla sijageuza kichwa nilikuwa nimemtapikia kifuani.

"Samahani," nilisema.

"Si kitu. Ni nguo." Akabadilisha, akavaa shati, akachelewa msikitini.

Shati nalo lilikuwa limelala kabatini na udi. Kesho yake ukawa mto, halafu pazia, halafu kilemba changu mwenyewe. Mimi msomi ilinichukua wiki nzima kuelewa jambo ambalo ng'ombe wa baba angelielewa kwa mara moja kwenye josho. Nilikuwa nimekwenda hospitali na nyumba yangu, na sasa hospitali ilikuwa imerudi nayo. Kila nilipovuta pumzi ndani ya kuta zile, dripu ilikuwa inaingia.

Na sikumwambia mtu. Ningesemaje? Kwamba harufu ya marehemu mama mkwe inanitapisha? Nilimwambia Salehe ni dawa tu. Yeye akaelewa kwa namna yake. Akahamia chumba cha Nuru. Akaanza kuoga kwa sabuni ya kufulia, asubuhi na jioni, mpaka ngozi ya shingo ikaanza kubabuka. Mwanamume aliyeniona sina titi wala nyusi, akasema tu kwamba kile kilemba cha kijani kinanipendeza, sasa alikuwa anabisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, na akisha kuingia anasimama karibu na dirisha.

Mimi nikahamia uani, kwenye kibaraza cha jiko la mkaa. Mvua ikinyesha najikunja chini ya bati. Uji ukapungua, ndizi zikaisha hamu. Nguo zikawa zinanining'inia. Siku ya safari ya dripu ya nne ilipokaribia nilimwita Salehe, akasimama mbali kama kawaida yake mpya.

"Mwanza siendi," nilisema.

"Wiki hii?"

"Siendi tena. Nimechoka."

"Daktari alisema..."

"Daktari hatapiki yeye."

Akatazama viatu vyake. Ninamfahamu mtu huyu. Alikuwa anatafuta neno ambalo halitanisukuma.

"Basi ngoja nimwite Mwanaidi," alisema.

Mwanaidi alikuja siku hiyohiyo. Alikuwa ameambiwa nimekataa kula, kwa hiyo alikuja na kichupa kikubwa zaidi, chenye udi mwingi zaidi. Alikifungua kabla hata hajaitikia salamu. Mimi nikakimbilia kwenye mfereji.

"Ni mimba hiyo, au ni mimi?" alisema nyuma yangu.

"Ni hicho kichupa, wifi."

"Hiki?" Akakitazama. "Hiki ni mama."

"Najua."

"Harufu ya mama yangu inakutapisha." Alisema polepole, kama anayejisomea. "Sishangai. Nyie watu wa Nzega mmelelewa na samadi."

Siku nyingine ningemjibu. Tuna jibu letu la miaka, kwamba watu wa mjini hujifukiza kwa sababu hawana ng'ombe wa kuwatambulisha. Siku ile nilikaa chini kwenye saruji yenye maji na kulia, na katika kulia nikayatoa yote: kanzu, mto, pazia, ile baridi inayopanda mkononi bila sindano, Salehe na sabuni yake ya kufulia, na kwamba dripu ya nne siendi kwa sababu nyumbani sina pa kula wala Mwanza sina cha kushika.

Mwanaidi akafunga kizibo. Akakiviringisha kichupa kwenye mfuko, na mfuko ndani ya mfuko mwingine.

"Kaka anajua?"

"Anadhani ni yeye."

Akageukia nyumba. "Kaka! Njoo hapa. Acha kujichubua. Wewe huna ubaya wowote. Ni kanzu, ni shati, ni nyumba yote. Vua hilo shati ulete."

Salehe alitoka, akanitazama mimi kwanza. Sijui uso wangu ulimwambia nini. Alivua shati palepale uani, kisha akasimama na kifua wazi kwenye manyunyu, akitabasamu kama aliyepandishwa cheo.

Tukafua. Niseme ukweli, wao ndio waliofua, mimi nilielekeza kwa kidole nikiwa chini ya bati. Mapazia, mashuka, mikeka, foronya, kanzu zote, hata kofia. Yasiyofulika yakaanikwa kila jua lilipochomoza kati ya mvua na mvua. Kazi hiyo iliingia hadi siku ya pili. Sanduku la khanga za mama yao Mwanaidi alilibeba mwenyewe hadi kwenye bajaji, likaenda Kwihara pamoja na chetezo. Hakunisemesha alasiri nzima. Alikuwa na hasira, na alikuwa anafua. Nimejifunza kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye beseni moja.

Nyumba ikabaki haina harufu. Ilikuwa kama nyumba ya kupanga ambayo wenyewe wamehama jana. Usiniulize kama nilifurahi. Nilikula ugali na mlenda, nusu sahani, na Salehe akarudi chumbani. Lakini nilimwona Mwanaidi akivuta pumzi pale sebuleni, akitafuta, na asipate.

Kilichobaki kilikuwa Mwanza. Kwenda mikono mitupu niliogopa.

"Tutafute harufu ambayo tukiipoteza hakuna atakayelia," alisema Mwanaidi, na akapanga vichupa upya kwenye kibaraza, vyote vimefungwa, nami nikafunguliwa kimoja kimoja nikinuse kwa mbali.

Mkaratusi nikaukataa. Mama yangu alikuwa anatuchemshia majani yake tukishikwa na mafua, na mama ninaye mmoja. Mchaichai ni chai, na chai nilikuwa bado naihitaji. Karafuu ni pilau. Mdalasini ni Idi.

"Karafuu maiti je?" nilisema. "Hiyo hakuna anayeipenda."

Akanipiga mkono. "Ya maiti isubiri zamu yake."

Ndipo Salehe alipokumbuka kifurushi ambacho Nuru alikuwa ametutumia kutoka Dar es Salaam na ambacho, kwa kuwa shangazi mtu alishakuja na chake, hakikufunguliwa. Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya rozmeri, jani la viungo la Kizungu. Ilipita mkono kwa mkono.

"Inafanana na nini?" aliuliza Mwanaidi.

"Na ofisi," alisema Salehe.

"Ofisi gani?"

"Sijui. Ambayo sijawahi kufanya kazi."

Mwanaidi akanusa tena, akatikisa kichwa. "Hii haina ukoo. Haina harusi, haina msiba, haina mtoto. Hii ndiyo. Nenda ukaipoteze huko."

Akaongeza limau, kwa ajili ya mlangoni. Matone machache tu, kwenye pamba ndani ya kichupa chenye kifuniko. Ngozini hatukupaka kitu. Ngozi ya mtu wa dripu ni karatasi, na muuguzi niliyemuuliza kwa simu aliniambia ninuse tu, nisijipake na nisinywe. Wewe pia uliza kwanza.

Dripu ya nne ikaingia. Nilinusa ofisi isiyojulikana mpaka chupa ya dawa ilipoisha. Pembeni yangu alikaa Konsolata, mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu, ambaye ndiyo kwanza anaanza. Akanigusa kiwiko kwa adabu.

"Dada, samahani, naomba ukifunge kidogo. Kinanipanda."

Nikafunga, nikaona haya. Katika hekima yangu yote sikuwa nimewaza kwamba kinachomtuliza mmoja humtapisha wa pili. Yeye alikuwa ameshika kitenge kilichokunjwa, anakinusa.

"Ni cha mama," alisema. "Sijakifua tangu alipofariki."

Nikamwambia akirudishe kwenye mfuko. Nikamweleza haraka, bila mpangilio, kanzu na mapazia na wifi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikikirudisha," aliuliza, "nitashika nini?"

Nilimpa mkono wangu usiokuwa na sindano, akaushika kwa kitambo, na kitenge kikabaki mapajani mwake. Ratiba zetu zikapishana baada ya hapo. Sijui alichagua nini.

Nilimaliza dripu mvua zikiwa zimekoma na majani yameanza kuwa ya kahawia. Kichupa cha rozmeri nilikiacha kwenye pipa la takataka kulekule Mwanza. Sasa nikiona hata picha ya jani lake kwenye mapishi ya kuku, hutafuta beseni, na nchini Unyamwezi hakuna aliyepata hasara.

Utakutana na mtu atakayekuambia mafuta ya kunukia yanayeyusha uvimbe. Mimi nilikutana naye. Alikuwa na sauti nzuri na alijua jina la Mungu. Mafuta hayakuigusa saratani yangu hata kidogo. Yaliniwezesha kumeza uji, uji ukaishika damu, damu ikaruhusu sindano. Mtu akikuomba uache sindano ubaki na kichupa, mfungie mlango.

Leo ninakwenda kupimwa kila baada ya miezi michache, na kila safari Salehe hukaa wima kwenye kiti. Mkono wa kushoto huvimba nikiandika sana, kwa hiyo wahariri wangu wamefaidika. Harufu ya nyumba haijarudi. Kanzu ya Ijumaa inanukia jua na sabuni, na msikitini wenzake wanamuuliza kama mke amemkimbia.

Idi iliyopita tulikwenda Kwihara. Mwanaidi hawezi kuacha kufukiza nyumba yake siku kama hiyo, ni kazi yake na ni mama yake, na mimi sikumwomba. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeishia kwa jirani. Safari hii nilifika uani, nikasimama karibu na mlango wa nyuma. Mwanaidi akatoka na sinia la pilau.

"Leo umefika wapi?"

"Hapa."

Akapima kwa macho umbali kati yangu na kizingiti. "Unaendelea kukua," alisema, akatandika mkeka palepale.

Salehe akaja kukaa. Kisha mashemeji wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakiacha makochi yaliyofunikwa kwa ajili ya sikukuu, mpaka ndani akabaki bibi mmoja asiyeweza kuinuka, naye wakamtoa na kiti chake. Tulikuwa tumekula kidogo upepo ulipogeuka, ukatuletea udi wa ndani. Nikasikia baridi inaanza kwenye kiganja. Nikauondoa mkono kwenye sinia.

Salehe aliinua uso, akaangalia majani ya mpapai yanakoelekea.

"Upande wa muhogo," alisema.

Mwanaidi akanyanyua sinia. Wengine wakashika pembe za mkeka, wengine kiti na bibi yake, na ukoo wote wa mume wangu ukaizunguka nyumba, vidole bado vina mafuta, hadi upande wa pili. Tukakaa tena. Mtu akaulizia kachumbari. Nikanawa, nikala.